Jino la Mpiga Tarumbeta

Zamani mfanyakazi wa kiwanda akiumwa jino asubuhi, kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha Adelard na ameshatibiwa. Siku hizi mtu akiumwa jino huuliza bei kwanza, na akishaisikia ndipo anaamua kama linamuuma kweli.

Adelard hakuwa daktari, na hakuwahi kumdanganya mtu kwamba ni daktari, ingawa kiwanda kizima kilimwita Dokta. Alizaliwa Umatengo, akasoma mpaka darasa la nane, kisha akapata kazi ya kuchemsha vyombo kwa Sista Eufrazia, mtawa wa misheni aliyekuwa akitibu meno. Sista alikuwa na mikono mikubwa kama ya mpasua mbao na subira ya mtu anayetunga shanga. Kwake ndiko Adelard alikojifunza kwamba kung'oa jino ni kazi ya dakika mbili na kuliponya ni kazi ya wiki tatu, na kwamba anayechagua zile dakika mbili mara nyingi anajionea huruma yeye mwenyewe, si mgonjwa. Alipokuja Dar es Salaam mwaka sitini na tisa, kiwanda kimoja cha sufuria na karai pale Chang'ombe kilikuwa kinatafuta msaidizi wa zahanati. Wakamchukua, wakampeleka kozi ya mwaka mmoja, akarudi na cheti na koti jeupe.

Ni kazi kumweleza kijana wa leo kiwanda kilikuwa kitu gani. Atadhani ni mahali pa kutengenezea sufuria. Sufuria zilitengenezwa, ndiyo, na nyingine zilitoka na masikio yamepinda. Lakini kiwanda kilikuwa na timu ya mpira, kilikuwa na duka la ushirika, kilikuwa na darasa la jioni ambamo watu waliosahauliwa na shule walijifunza kusoma gazeti wenyewe bila kusomewa. Kilikuwa na bendi ya dansi ya watu kumi na wanne. Na nyuma ya kantini kilikuwa na chumba kimoja chenye kiti cha meno, taa ya kuinamisha, na mashine ya kutobolea ya kukanyagwa kwa mguu kama cherehani.

Mfanyakazi akikaribia likizo ilimbidi apite kwa Adelard afungue kinywa. Bila sahihi ya Adelard, hakuna likizo. Watu walinung'unika, lakini walikwenda. Kila kinywa kilikuwa na kadi yake, na kadi zilikuwa zaidi ya mia nane, zimepangwa ndani ya kabati la chuma. Adelard aliwajua watu kwa meno kuliko kwa sura. Gaspar wa stoo, aliyekuwa mkali kwa kila mtu, kwake alikuwa mpole kama mtoto wa komunyo, kwa sababu Adelard peke yake ndiye aliyejua kwamba Gaspar hutokwa na machozi kabla sindano haijamgusa.

Katika vinywa vyote hivyo, alichokipenda zaidi kilikuwa cha Mwinshehe.

Mwinshehe alikuwa Mzaramo wa Temeke. Siku za kazi aling'arisha sufuria. Jumamosi alipiga tarumbeta katika bendi ya kiwanda. Hakuna aliyejua kama makabila yao yana utani, wala wao hawakuuliza wazee. Walijitangazia utani wao wenyewe, wakaishi nao miaka kumi na tano.

"Mtani, leo nakung'oa yote, nakuachia ulimi tu," Adelard humwambia.

"Ulimi unatosha kukutukana."

Mwezi wa pili mwaka tisini na tatu Mwinshehe alikuja asubuhi bila kuitwa, na bila utani. Akakaa kitini akafungua kinywa. Adelard akaligonga jino la mbele la juu kwa mpini wa kioo cha kutazamia meno, polepole. Mwinshehe akaruka.

"Limekufa," Adelard alisema.

"Limekufa na linauma hivi? Lingekuwa hai je?"

"Jino halifi kama mtu. Linaoza kwa ndani, usaha unatafuta mlango. Tangu lini?"

"Tangu Krismasi yenu."

"Na umekaa nalo."

"Naogopa, mtani. Nyie watu wa bara mie nawajua. Mkiona kitu kimechomoza mnang'oa, mnadhani muhogo."

Adelard alicheka, lakini aliielewa ile hofu. Tarumbeta halipigwi kwa pumzi peke yake. Chombo huegemea midomo, na midomo huegemea meno ya mbele. Ukiliondoa moja, midomo inakosa ukuta, na sauti inavuja pembeni kama maji ya bomba bovu. Jino la bandia la kuvaa na kuvua hucheza linaposukumwa. Mpiga tarumbeta aliyepoteza jino la mbele ni mtu aliyewahi kupiga tarumbeta, basi.

"Naweza kuliponya," alisema. "Litabaki mahali pake, limekufa lakini safi. Utakuja mara tatu. Leo nalitoboa kwa nyuma usaha utoke. Wiki ijayo nasafisha mzizi. Wiki ya tatu naziba."

"Na nitapiga?"

"Utapiga mpaka wajukuu wakukimbie."

Akakanyaga mashine, akalitoboa, usaha ukatoka, na Mwinshehe akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Adelard aliliacha tundu wazi makusudi ili uchafu uendelee kupata njia. Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi geti likafungwa.

Watu walifika zamu ya asubuhi wakakuta mnyororo na karatasi iliyopigwa taipu kwamba kiwanda kimefilisika. Walikuwa wameahidiwa kwamba ruksa ya biashara huria itawaletea kila kitu, na kweli ilileta: sufuria za nje zilizokuwa nyepesi kama magazeti, pipi za rangi kumi, na soda mpaka kwenye genge la uani. Meno ya watoto yalianza kutoboka mwaka uleule ambao viti vya kuyatibia vilipigwa mnada. Hayo mawili hakuna aliyeyaweka pamoja kwenye hotuba moja.

Mfilisi aliyeletwa kusimamia mali alikuwa kijana mwenye mkoba, mpole wa sauti. Adelard alimkuta amekaa kwenye meza ya mlinzi.

"Mwanangu, nahitaji kuingia zahanati. Nichukue vitu vichache."

"Shikamoo mzee. Vyako au vya kiwanda?"

"Marahaba. Vya kazi. Sindano za kusafishia mzizi na chupa mbili za dawa. Nina mgonjwa nimemwacha kinywa wazi."

Kijana alifungua faili. "Kiti cha meno kimoja. Mashine ya kukanyaga moja. Vyombo mbalimbali. Vimeshaorodheshwa mzee, vitauzwa."

"Nani atanunua mashine ya kukanyaga?"

"Soko litaamua."

Adelard aligeuka akatazama barabarani, kama mtu aliyeambiwa kwamba soko liko hapo jirani na huenda likapita. Zile kadi mia nane hazikuorodheshwa, kwa kuwa hazikuwa na bei. Zilibaki kabatini, na kabati likauzwa.

Mwinshehe alipata bahati moja ndogo. Tarumbeta nalo lilikuwa mali ya kiwanda, ila siku ile lilikuwa chini ya kitanda chake, na yule kijana hakufika huko. Akaenda nalo Kinondoni kwa Twalib, kiongozi wa bendi iliyokuwa ikipiga katika baa moja. Twalib alimsikiliza kidogo akasema, "Mwezi wa Ramadhani unaandama wiki hii, sie tunapumzika. Mfungo mosi, Idi ikipita, tunaanza mazoezi. Njoo upige wiki moja, tukikuelewa unabaki." Kwa hiyo jino lilikuwa na mwezi mmoja wa kupona. Mwinshehe alikuwa na mke na mtoto wa miaka mitano, na hakujua kazi nyingine zaidi ya kung'arisha sufuria zisizotakiwa tena na mtu.

Adelard alimpeleka mwenyewe hospitali ya serikali. Kwenye benchi walikuta watu wapatao sitini, mashavu wamefunga khanga na taulo. Ndani kulikuwa na kiti kimoja na daktari mmoja aliyekuwa na macho mekundu kwa uchovu. Hata kadi ya kuingilia siku hizo ilishaanza kulipiwa.

"Mzee wangu," daktari alimwambia Adelard baada ya kulitazama jino, "umelitoboa vizuri. Lakini mie hapa nina koleo, na sindano ya ganzi mgonjwa anainunua nje. Hapa tunang'oa. Nikikaa na mzizi mmoja saa nzima, hao wote wa nje watalala na maumivu. Ning'oe?"

"Asante, usiling'oe," alisema Adelard.

Alimwelewa yule daktari, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Wakaenda kwenye kliniki mpya ya binafsi, yenye feni na magazeti ya kusoma. Kazi ile waliijua na vifaa walikuwa navyo, ila bei yake ilikuwa mishahara mitano ya Mwinshehe, enzi alipokuwa na mshahara.

Ndipo Adelard alipokumbuka misheni. Kabati la Sista Eufrazia lilikuwa na kila kitu, na Sista hakuwahi kumnyima. Wakati huo sehemu ya kiinua mgongo chake ilikuwa imetoka. Akaamua kutumia nauli kwenda Umatengo na kurudi na sindano. Jioni ya kuamkia safari alikwenda Temeke kuaga. Mwinshehe alikuwa kibarazani na mkewe Mwanaasha, mwanamke mwenye maneno machache na macho ya kupima watu.

"Wiki moja tu," alisema Adelard. "Nikirudi nakusafisha mzizi hapahapa juu ya kigoda. Wewe sukutua maji ya chumvi mara tano kwa siku."

"Na likivimba?" aliuliza Mwanaasha.

"Halivimbi, shemeji. Nimeliacha wazi, uchafu una njia ya kutokea."

"Nauliza likivimba, dokta."

"Nami nakwambia halivimbi. Wewe mchunge asimpe mtu mwingine kinywa. Kazi hii nimeianza mie, asiiguse mtu. Wakimwona tu hospitali watang'oa, ndicho wanachokijua."

Mwinshehe akasema, "Umesikia, mke wangu? Meno yangu yana mwenyewe."

Hivyo ndivyo mafundi wa zamani walivyokuwa. Fundi cherehani akikuta uzi wa mwenzake kwenye suruali, anairudisha. Mtu alikuwa na fundi wake, na fundi alikuwa na watu wake, na mtu kumkimbilia fundi mwingine kazi ikiwa katikati ilikuwa ni kumvunjia heshima. Mengi mazuri yalikufa mwaka ule, na hicho kiburi, cha ajabu, hakikufa.

Safari ilikula siku tatu. Kule misheni Adelard alionyeshwa kaburi: Sista Eufrazia alikuwa na miezi minane ardhini. Kabati lake lilikuwepo, ila ufunguo alikuwa nao padri aliyekwenda Njombe. Adelard akamsubiri siku tisa, akila ugali wa wageni. Padri alirudi, akafungua, akamwambia achukue anachotaka maana hakuna tena anayejua vile vitu ni vya nini. Akazifunga sindano, nyembamba kama nywele, ndani ya kopo la kakao pamoja na dawa. Mvua ilikuwa imeshaanza kunyesha. Daraja moja likachukuliwa na maji, basi likarudi, likaenda tena, likalala matopeni. Alipofika Dar es Salaam ilikuwa wiki ya tano, siku ya tatu baada ya Idi.

Alikwenda Temeke moja kwa moja kutoka stendi, begi mkononi. Mwanaasha alikuwa anafua. Hakuinuka.

"Hodi, shemeji. Mgonjwa wangu yuko wapi?"

"Wodini. Siku ya kumi leo."

"Wodini kwa jino?"

Mwanaasha alikamua nguo mpaka ikaisha maji. "Ulimwambia asukutue mara tano. Mchana amefunga, anaogopa maji yasije yakapita kooni. Akawa anasukutua usiku tu. Na usiku anafungua kwa tende kama watu wote. Tende zikajaa kwenye lile tundu lako, likaziba. Kumi la pili la mwezi uso ukaanza kuvimba. Nikamwambia twende hospitali. Akasema dokta wake kamkataza. Nikamlilia. Akasema, mtani anarudi kesho. Kila siku unarudi kesho. Jicho lilipofumba ndipo kaka zangu wakambeba."

Adelard alisimama na begi lake. Katika yote aliyoyapigia hesabu, la tende hakulifikiria. Miaka ishirini na zaidi alikuwa ameishi na Waislamu, amekula futari kwao, ameitafuna tende hiyohiyo inayong'ang'ania meno, na alimtoboa mtu jino wiki ya kuandama mwezi bila kumwambia neno moja juu yake. Geti halikuhusika na hilo. Mvua haikuhusika.

Wodini Mwinshehe alikuwa amefungwa bendeji kuanzia pua hadi kidevu. Walikuwa wamemng'oa meno manne ya juu na kukwangua mfupa uliokwishaoza. Hakuweza kusema. Alimtambua Adelard, akainua mkono, akafanya ishara ya kushika kitu chembamba na kukizungusha: umepata sindano? Adelard alitikisa kichwa kwamba hakupata. Kopo la kakao lilikuwa ndani ya begi, katikati ya miguu yake.

Hakuwahi kuomba radhi. Alikwenda wodini mara mbili zaidi, na mara zote alikuta watu, na mbele ya watu maneno hayo hayasemeki. Baadaye akasikia Mwinshehe amehamia Kiwalani, anauza nazi. Naye akahamia Kinondoni, akapata kazi kwa Daktari Gladness, binti aliyemaliza chuo juzijuzi na kufungua kliniki yake ya meno. Kazi yake ilikuwa kuchemsha vyombo, kazi aliyoanza nayo ujana. Daktari alimwita Baba, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mkopo wa mashine na kodi ya nyumba, na bei zake alizibandika dirishani ili mtu asiaibike kuuliza. Wengi walizisoma wakiwa nje wakaendelea na safari.

Ilikuwa mwaka tisini na nane, asubuhi ya jua kali, Kondo, mlinzi wa kliniki, alipomwita: "Mzee Adelard, una wageni."

Mwinshehe alikuwa kwenye benchi la nje, pembeni yake binti wa miaka kumi aliyeshika shavu. Mdomo wa juu wa Mwinshehe ulikuwa umeingia ndani, na alipokuwa akisema aliweka kiganja mbele ya kinywa.

"Shikamoo," alisema binti.

"Marahaba. Huyu ndiye Tunu?"

"Ndiye huyo," alisema Mwinshehe nyuma ya kiganja. "Mtani, koti bado unalo? Nilidhani mfilisi alikuvua." Kisha utani ukamwishia. "Hajalala siku mbili. Nikasikia uko hapa. Mtazame tu."

Adelard alimgeuza mtoto uso uelekee jua. Lilikuwa gego la chini, la ukubwani, tundu dogo, bado halijafika kwenye mzizi. Jino la kuzibwa kwa nusu saa na kudumu miaka hamsini. Alifurahi kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea.

"Hili linazibika," alisema. "Msiondoke. Nisubirini hapahapa."

Mwinshehe alimtazama, akamrudisha mtoto kwenye benchi.

Ndani, Daktari Gladness alikuwa na mgonjwa kitini, jino limevunjika mzizi, jasho linamtoka. Hapo huwezi kumsemesha mtu. Adelard alisimama ukutani, akamshikia taa, akampa pamba, akasubiri. Ilichukua muda, pengine dakika arobaini. Daktari aliponawa mikono, Adelard alimweleza: mtoto wa rafiki, tundu dogo, gharama aikate kwenye mshahara wake kidogokidogo.

"Baba, kwa nini hukusema mapema?" alisema Daktari. "Mlete. Na usiniambie habari ya kukata mshahara."

Adelard alitoka karibu kukimbia. Benchi lilikuwa tupu.

"Wameondoka," alisema Kondo. "Kitambo kidogo tu. Mtoto alianza kulia. Baba yake akasema wanawahi foleni ya hospitali ya serikali, watang'oa yaishe."

"Hukumwambia angoje?"

"Nilimwambia mzee anakuja sasa hivi. Akasema, 'Najua.'"

Adelard alikwenda mpaka barabarani. Walikuwa mbali, upande wa pili, wanatembea kwa miguu kuelekea Magomeni, binti amejitanda khanga kichwani mpaka shavuni, baba amemshika mkono na kumvuta kidogo ili asichelewe. Aliita, "Mwinshehe!" Lori la kokoto likapita katikati yao. Lilipokwisha kupita akaita tena, na watu wawili watatu wa karibu wakageuka. Mwinshehe alikuwa anamvusha mtoto mtaro. Alimnyanyua kwa makwapa, akamtua ng'ambo, akavuka yeye, wakaingia kati ya vibanda vya mitumba, wakawa hawaonekani.